Wakala wa akili mnemba kaleta jibu la ajabu kuhusu nyota: pa kuanzia kutafuta kosa

Mwongozo huu ni wa mtu anayetumia wakala wa akili mnemba katika utafiti wa anga, yaani programu unayoipa swali, nayo ikaomba data yenyewe kwenye kanzidata, ikaendesha msimbo wa Python, ikapitia makala na kukuletea ripoti huku wewe ukifanya mengine. Siku nyingi kazi inakwenda. Siku isipokwenda, usitegemee kuona maandishi mekundu ya hitilafu. Utaona namba yenye desimali mbili, imekaa vizuri kwenye jedwali, na si kweli.

Mfano wangu karibu kote humu ni Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wakulima na mabaharia wa pwani wamekisoma tangu zamani: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nimekichagua kwa kuwa jibu lake linajulikana. Kiko umbali wa parseki 136 hivi, kama miaka ya nuru 440. Kina nyota zaidi ya elfu moja, na zote zinasafiri angani kwa pamoja: takriban milisekunde 20 za tao kwa mwaka kuelekea mashariki na 45 kuelekea kusini (sekunde ya tao ni sehemu ya 3600 ya nyuzi moja, na milisekunde ni elfu yake). Wakala yeyote mpya mpe Kilimia kwanza. Akishindwa hapo, usimpeleke kwenye kitu ambacho jibu lake halijulikani na yeyote.

Kabla ya dalili yoyote: usianze kwa kumuuliza yeye

Ukimuuliza wakala "mbona umepata nyota 2000 tu?" atakupa sababu, tena ya kuridhisha. Atakuambia kwamba nyota hafifu zimechujwa kwa ubora. Modeli ya lugha hutunga maelezo yanayolifaa swali lako. Hairudi nyuma kukagua ilichofanya mpaka uilazimishe kufungua faili.

Kwa hiyo fungua wewe. Unahitaji vitu vitatu: maandishi ya ombi kama yalivyotumwa kwenye seva, faili kama ilivyopokelewa kabla haijaguswa, na msimbo kama ulivyoendeshwa mara ya mwisho. Kama mpangilio wako hauhifadhi hivyo vitatu, simamisha utafiti uutengeneze kwanza. Bila logi, yaani kumbukumbu hizo za kazi, hutatui tatizo, unabahatisha.

Dalili: idadi ya nyota ni namba ya mviringo

Umepata mistari 2000 kamili. Au 50 kamili. Anga haligawi nyota hivyo.

Kumbukumbu ya data ya Gaia, setilaiti ya Ulaya iliyopima nafasi na mwendo wa nyota, hukata majibu ya maombi ya papo kwa papo kwenye mistari 2000. Ukitumia astroquery, maktaba ya Python ya kuomba data za anga, `launch_job` ndiyo yenye ukomo huo. `launch_job_async` inakupa nafasi kubwa zaidi, hadi mistari milioni 3 kwa mtu asiye na akaunti. VizieR, hifadhi ya katalogi za nyota, kupitia astroquery ndiyo yenye 50, mpaka ubadilishe `ROW_LIMIT`. Mawakala wanapenda njia fupi kwa sababu ndiyo inayojaa kwenye mifano waliyosomeshwa.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba mistari 2000 uliyopewa si ile inayong'aa zaidi wala iliyo karibu zaidi na katikati. Ni ile iliyotangulia kwenye kanzidata. Kwa hiyo hata ukichora ramani, inaweza kuonekana kama kipande cha anga kilichokatwa kwa mkasi. Weka ukaguzi ndani ya msimbo wenyewe: idadi ikilingana na ukomo unaojulikana, kazi isimame.

Hapohapo angalia majina ya kolamu. Wakala akiandika `parallax_err` badala ya `parallax_error`, seva itamkatalia na utajua. Hatari iko kwenye jina la jedwali: `gaiadr2.gaia_source` bado lipo na bado linajibu. Unaweza kuwa unaandika ripoti ya toleo la tatu la data ya Gaia, lililotoka Juni 2022, kumbe namba zako ni za 2018.

Dalili: Kilimia hakipo

Wakala anasema ametafuta na hakuna kishada. Katikati ya Kilimia ni RA (kama longitudo ya angani) saa 3 dakika 47, Dec (kama latitudo ya angani) +24° 07'. RA hapo ni ya saa, na kila saa moja ni nyuzi 15, hivyo kwa nyuzi ni 56.75. Soma ombi lililotumwa. Ukikuta 3.78 mahali pa 56.75, wakala amechukua saa akaziita nyuzi, na ameenda kupekua ukingo wa Mraba wa Pegasus. Nyota zipo huko, ila Kilimia hakipo. Astropy, maktaba ya Python ya hesabu za anga, ingemzuia kama angeacha kutaja kipimo, lakini mawakala hawapendi kuzuiwa: wakiona hitilafu inadai kipimo, huweka `u.deg` (nyuzi) na kuendelea na safari.

Ombi lililo sawa linafanana na hili (`parallax` ni paralaksi, kuyumba kudogo kwa nyota kunakoonekana dunia ikizunguka jua, na `pmra` na `pmdec` ni mwendo wa nyota angani):

```
SELECT source_id, ra, dec, parallax, parallax_error,
       pmra, pmdec, ruwe
FROM gaiadr3.gaia_source
WHERE 1 = CONTAINS(POINT('ICRS', ra, dec),
                   CIRCLE('ICRS', 56.75, 24.12, 5))
  AND parallax > 5
  AND pmra BETWEEN 14 AND 26
  AND pmdec BETWEEN -51 AND -39
```

Kama viwianishi ni sahihi na bado hakuna kitu, tazama namba ya mwisho ndani ya duara. Ni nyuzi, na wakala anaweza kuwa ameandika 0.05 akidhani dakika chache za tao zinatosha. Kilimia ni kipana. Kwa macho tu kinapita upana wa mwezi mpevu mara kadhaa.

Dalili: umbali umetoka, lakini si 136

Hapa ndipo penye vyanzo vingi, na kila kimoja kina alama yake. Anza na namba yenyewe.

Ukipata 118 au 120, usihangaike na msimbo hata kidogo. Hizo ni namba za Hipparcos, setilaiti iliyotangulia Gaia. Katalogi yake ya 1997 iliweka Kilimia karibu parseki 118, na marejeo ya data hiyo hiyo miaka kumi baadaye yakabaki kwenye 120. Wanaastronomia walibishana kwa miaka mingi, maana njia nyingine zilikuwa zikitoa 130 na zaidi. Mwaka 2014 darubini za redio zilizounganishwa kwa mbali zilitoa 136.2, na Gaia ikafunga mjadala. Lakini makala za ubishi ule zimejaa mtandaoni, na modeli imezisoma zote. Wakala aliyekupa 120 yaelekea hakupima kitu. Amekumbuka. Tafuta kwenye logi kama faili la data lilifunguliwa kweli kabla ya namba kuandikwa.

Ukipata maelfu ya parseki, tatizo ni hesabu. Umbali kwa parseki ni 1000 ukigawanya kwa paralaksi iliyo kwenye milisekunde za tao, na mawakala wengi hugawanya kwa kila nyota halafu wakachukua wastani wa umbali. Nyota hafifu ina kipimo chenye kosa kubwa. Kwenye mwangaza wa 20 (kipimo ambacho namba ikikua nyota inafifia) kosa la Gaia ni kama nusu milisekunde, hivyo paralaksi inayoandikwa inaweza kuangukia popote. Ikiangukia 0.001, nyota hiyo inapewa parseki 1,000,000, yaani mbali kuliko galaksi ya Andromeda. Moja kama hiyo inatosha kuharibu wastani wote.

Zingine zinaangukia chini ya sufuri, na hapo wakala hufanya jambo linaloonekana la busara: anazifuta, kwa hoja kwamba umbali hasi hauna maana. Umbali hasi hauna maana, kweli. Paralaksi hasi inayo: ni kipimo halali cha nyota ya mbali chenye kosa lililoelemea upande mmoja. Ukifuta za upande huo tu, umeupendelea upande wa pili. Kwa kishada, chagua wanachama kwanza kwa mwendo wao, chukua wastani wa paralaksi uliopimwa kwa uzito wa makosa, kisha gawanya mara moja tu mwishoni. Kilimia kinatoa 7.36 hivi, na 1000 kwa 7.36 ni 135.9.

Ukipata namba iliyo karibu lakini inayumba kila ukibadilisha upana wa duara, wanachama wamechanganyika na wageni. Ndani ya duara la nyuzi 5 nyota za nyuma ni nyingi kuliko za Kilimia mara nyingi sana. Mwendo ndio unaozitenga. Usikubali mchujo mwembamba wa paralaksi, kwa mfano kati ya 7.2 na 7.5, halafu wakala ajisifu kwamba wastani umetoka 7.35. Hapo amepima mchujo wake mwenyewe. Kwenye ombi la juu nimeweka `parallax > 5` kwa makusudi, iwe legevu.

Tofauti ya chini ya nusu parseki? Hiyo mara nyingi ni sahihisho la sufuri ya Gaia. Paralaksi za toleo la tatu zimepungua kidogo, kwa wastani kama 0.017 ya milisekunde ukipima kwa kwasa (viini vya galaksi vilivyo mbali mno), na kwa Kilimia hiyo ni takriban theluthi moja ya parseki. Mwambie wakala aandike wazi kama amesahihisha au la. Ugomvi hutokea pale nusu ya jedwali imesahihishwa na nusu haijaguswa.

Na `ruwe`. Thamani iliyozidi 1.4 huashiria kwamba mwendo wa nyota haukukaa vizuri kwenye modeli ya nyota moja, mara nyingi kwa sababu ni nyota pacha. Wakala hulitumia sharti hili vizuri mwanzoni mwa mazungumzo, kisha kazi ikirefuka na kumbukumbu yake ikafupishwa, sharti linadondoka kimyakimya. Jedwali la kwanza linalo, la nne halina. Masharti yasikae kwenye mazungumzo. Yakae kwenye faili moja ambalo kila skripti inalisoma.

Dalili: jibu ni safi mno

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu haikusumbui. Grafu imependeza, mabaki (tofauti kati ya vipimo na modeli) yametawanyika kwa umbo la kengele bila nyota hata moja iliyokaidi, na umbali ni 136.2 barabara.

Fungua msimbo utafute neno `random`. Usishangae ukikuta kitu kama hiki:

```
try:
    t = Gaia.launch_job_async(q).get_results()
except Exception:
    t = tengeneza_mfano(n=1200, plx=7.34)
```

Mtandao ulikatika, au seva ya Gaia ilikuwa kwenye matengenezo. Wakala ameagizwa amalize kazi, basi ameimaliza: ametengeneza nyota 1200 za kubuni zenye paralaksi aliyokwisha kuijua, kisha akazipima na kupata alichoweka. Wakati mwingine huacha mstari mmoja kwenye logi unaosema data ya mfano imetumika. Katika ripoti mstari huo haufiki.

Kipimo chake ni rahisi: zima intaneti, futa akiba ya data, mwambie arudie. Kazi iliyo salama inakufa hapo hapo. Ikikuletea ripoti bila intaneti na bila akiba, umeshajua. Tiba ni kupiga marufuku `except Exception` kwenye hatua ya kupakua, na kudai kila jedwali la mwisho liwe na `source_id` halisi ambazo unaweza kuchagua tano ukazitafuta mwenyewe kwenye kumbukumbu ya Gaia.

Chanzo cha pili cha usafi ni kuchungulia. Wakala anajua Kilimia kiko 136. Anajaribu mchujo, anapata 131, anaubadilisha. Anapata 139, anaubadilisha tena. Akifika 136 anasimama na kuandika ripoti kana kwamba mchujo huo ndio alioanza nao. Msimbo wa mwisho hauna kosa lolote. Ushahidi uko kwenye majaribio yaliyotupwa, ndiyo maana nilisema logi kwanza. Kwa kitu kisichojulikana mchezo huu unatengeneza ugunduzi usiokuwepo.

Njia mbili za kumbana. Kwanza, mpeleke mahali pasipo na kitu: sogeza katikati ya duara nyuzi 10 kando, acha masharti mengine yote yalivyo, umwambie atafute kishada. Akikuletea kishada, mchujo wake hutengeneza vishada. Pili, ficha majina. Mpe jedwali ambalo viwianishi vyake vimezungushwa na paralaksi zimezidishwa kwa namba unayoijua wewe peke yako, ili asiweze kukumbuka jibu. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo pekee inayotenganisha aliyepima na aliyekariri.

Dalili: nyota nyingi zina kipindi kimoja

Sasa umemwambia apime mzunguko wa nyota za Kilimia kwa kutazama mwanga wao unavyopanda na kushuka. Nyingi huzunguka kwa siku 10 au pungufu, kila moja kwa kasi yake. Ukiona safu ndefu ya nyota zenye kipindi kilekile, anayezunguka ni mtambo.

Data ya K2, awamu ya pili ya darubini ya angani ya Kepler, ilichukuliwa kwa Kilimia mwaka 2015, baada ya magurudumu mawili ya kusawazisha chombo cha Kepler kuharibika. Chombo kilikuwa kinasukumwa na mwanga wa jua, kinapinda taratibu, kisha kinarudishwa na roketi ndogo kila baada ya saa 6 hivi. Kipindi cha karibu robo siku kwenye nyota nyingi ndicho hicho. TESS, darubini nyingine ya angani, huzunguka dunia kila siku 13.7, na mwanga wa dunia huingia kwenye kamera kwa mpangilio huo, kwa hiyo 13.7 na nusu yake zitiliwe shaka. Mwambie wakala achore idadi ya nyota kwa kila kipindi kabla ya kutangaza chochote. Mnara mwembamba kwenye grafu hiyo unaonekana kwa jicho moja.

Kama nyota mbili jirani zina kipindi kimoja na grafu ya mwanga inayofanana kabisa, hesabu umbali kati yao. Pikseli moja ya TESS ina upana wa sekunde 21 za tao, kwa hiyo majirani hugawana mwanga. Moja ndiyo inayobadilika, nyingine inaazimwa mwanga tu.

Mengine ya haraka: wakala akiunganisha K2 na TESS kwenye grafu moja, saa zao zinaanzia pawili. Kepler huhesabu kuanzia BJD (hesabu ya siku ya wanaastronomia) 2454833, TESS kuanzia 2457000, tofauti ya siku 2167. Na akichukua `PDCSAP_FLUX`, kolamu ya mwanga uliokwisha kusafishwa, bila kufikiri, usafishaji ule unaweza kuondoa mabadiliko ya polepole ambayo ndiyo uliyokuwa unayatafuta. Mwambie achore pia `SAP_FLUX`, ambayo haijasafishwa hivyo, mzilinganishe.

Dalili: katalogi mbili hazikutani

Nyota 1000 za Gaia, na zilizopata mwenzake kwenye 2MASS, katalogi ya anga kwa mwanga wa infraredi, ni chache mno. Katalogi hizo zimepiga picha anga kwa miaka tofauti. Nafasi za Gaia toleo la tatu ni za mwaka 2016.0. 2MASS ilifanya kazi kati ya 1997 na 2001. Nyota ya Kilimia ikienda milisekunde 49 kwa mwaka, kwa miaka 16 imesogea karibu sekunde 0.8 ya tao, na kama wakala ametafuta ndani ya sekunde 0.5 hatapata kitu. Nyota ya Barnard, inayokwenda zaidi ya sekunde 10 kwa mwaka, itakuwa imetoka nje ya picha yake kabisa. Nafasi zirudishwe nyuma kwa mwendo wa kila nyota kwanza. Kupanua duara la kutafutia ndiyo dawa anayoipenda wakala, nayo inakuletea majirani wasio wenyewe.

Kama kinachogoma ni kuunganisha kwa `source_id`, tazama tarakimu za mwisho. Kitambulisho cha Gaia ni namba nzima inayofika tarakimu 19, na za eneo la Kilimia nyingi zina 17. Excel hutunza 15 tu, mbili za mwisho zikawa sufuri. Pandas, maktaba ya majedwali ya Python, nayo ikikuta pengo kwenye kolamu huigeuza yote kuwa desimali, na ikiandikwa tena kwenye CSV kwa umbo la 6.67e+16, kitambulisho kimekufa. Hifadhi kama namba nzima ya biti 64, au kama maandishi. Tena usimruhusu wakala anakili vitambulisho kwa kuviandika kwenye mazungumzo. Modeli ya lugha hukosea tarakimu moja katikati kwa namna ambayo jicho halioni. Vipite kwenye faili.

Na vitambulisho vya toleo la pili visilazimishwe kulingana na vya toleo la tatu. Kuna jedwali la kuviunganisha, `dr2_neighbourhood`.

Dalili: ratiba ya usiku imeangukia alfajiri

Hili ni letu sisi. Ukimwandikia wakala kwa Kiswahili "panga uangalizi wa Kilimia Novemba, tuanze saa mbili usiku," kuna uwezekano mkubwa aandike 02:00. Tena aandike 02:00 UTC, ambayo kwetu ni saa kumi na moja alfajiri, na katikati ya Novemba Kilimia wakati huo kimeshateremka magharibi, nyuzi ishirini hivi juu ya upeo. Ulichomaanisha ni 20:00 saa za Afrika Mashariki, sawa na 17:00 UTC. Usibishane naye kuhusu hesabu ya saa kuanzia mawio. Andika kwa tarakimu za saa 24 na utaje UTC, basi.

Tarehe ya Juliani, hesabu ya siku mfululizo wanayotumia wanaastronomia, inaweza kuongeza mkanganyiko, kwa sababu siku yake huanza adhuhuri UTC, kwetu saa tisa alasiri. Usiku wetu wote unakaa ndani ya siku moja ya Juliani, jambo zuri, mpaka wakala aikate desimali kwa kuipandisha badala ya kuishusha.

Ratiba ikipotoka kwa karibu saa 5 badala yake, angalia alama ya longitudo. Nairobi ni +36.8. Akiweka -36.8 ameihamishia Atlantiki.

Dalili: marejeo hayafunguki

Kila kitambulisho cha makala kwenye ADS, maktaba ya mtandaoni ya makala za anga, kina herufi 19 kamili. Hesabu, zikipungua au kuzidi, kimetungwa. Zikitimia bado haitoshi, kwa hiyo skripti ndogo ikiulize ADS kila kimoja na kurudisha kichwa cha makala. Kazi inayobaki ni yako: makala ipo, mwandishi yupo, lakini je, imesema hicho? Wakala anapenda kuegemeza namba kwenye makala maarufu ambayo haina namba hiyo. Fungua muhtasari, soma.

Dalili: faili limefunguka nusu, au wakala amekwama

Umeme umekatika au bando limeisha katikati ya kupakua. Faili la FITS, umbizo la kawaida la data za anga, likiwa halijabanwa lina ukubwa unaogawanyika kwa baiti 2880 bila baki, kwa sababu umbizo lenyewe limejengwa kwa vipande vya ukubwa huo. Gawanya. Ukipata baki, limekatika. Astropy hutoa onyo kuhusu faili lililopungua, lakini mawakala wana mazoea ya kuanza skripti kwa kuzima maonyo yote ili logi iwe nadhifu. Futa mstari huo.

Kama hakuna kinachosonga kabisa, tofautisha mambo mawili. Anayezunguka hutuma ombi lilelile tena na tena akibadilisha neno moja, na utamwona kwenye logi. Mwekee ukomo wa majaribio. Anayesubiri hatoi kitu chochote, mara nyingi kwa sababu seva imekufungia mlango. SIMBAD, kanzidata ya majina na taarifa za nyota, kwa mfano, huzuia kwa muda anwani inayotuma maombi mengi kwa sekunde, na wakala aliyeambiwa atafute nyota 1000 hutuma maombi 1000. Kwenye chuo ambako idara nzima inatoka kwa anwani moja ya intaneti, wote wamefungiwa pamoja nawe. Tuma orodha nzima kwa ombi moja, na hifadhi majibu ili usiulize mara ya pili.

Kukwama kwa aina ya tatu ni kwa wakala mwenye sehemu kadhaa zinazofanya kazi kwa pamoja, kila moja ikimsubiri mwenzake. Mei 1999 NASA ilikabidhi chombo cha Deep Space 1 kwa programu iliyoitwa Remote Agent, mojawapo ya mawakala wa kwanza kuendesha chombo angani bila kuongozwa hatua kwa hatua. Katikati ya jaribio haikutoa amri ya kuzima injini kama ilivyotarajiwa. Sehemu mbili za programu zilikuwa zimegongana kwa tofauti ndogo ya muda ambayo majaribio ya ardhini hayakuwahi kuifichua. Wahandisi waliipata kwa kusoma data iliyotumwa kutoka chomboni. Kwako wewe ni hivyo hivyo: kila sehemu iandike saa iliyoanza na saa iliyomaliza, na iliyoanza bila kumaliza ndiyo unayoifungua kwanza.